Mrejesho: nimeenda kwa mwanasaikolojia kwa ajili ya hasira hapa Dar, mazuri na mabaya yake

Wadau habari zenu, naleta mrejesho wa huduma ambayo watu wengi hapa mjini wanaiulizia chini chini alafu hakuna anayejibu, nayo ni kwenda kwa mwanasaikolojia kwa sababu ya hasira. Sio ndoa, sio msiba, hasira tu, ile ya kuwaka kwa kitu kidogo alafu siku nzima imeshaharibika. Nimepata huduma kwenye ofisi moja binafsi maeneo ya Kinondoni, ukishuka kituo cha mwendokasi cha Morocco unatembea kidogo tu umefika. Jina lao siweki kwa sababu nina malalamiko nao na sitaki ionekane nawaharibia biashara, ninachotaka mjue ni huduma yenyewe ikoje na kama inasaidia. Jibu la haraka ni kwamba inasaidia, tena sana, na hela niliyotoa pale siijutii.

Mi napika chakula cha maofisini, jiko langu liko Tabata, nina wasichana wa jikoni na vijana wa bodaboda wanaosambaza. Anayeifanya hii biashara anaijua. Unaamka saa tisa usiku, gesi inaisha wali ukiwa katikati, umeme unakatika nyanya hazijasagwa, maji yamegoma toka juzi, bodaboda kakwama Buguruni na saa saba hiyo imefika simu zinaita chakula kiko wapi, alafu mwisho wa mwezi ofisi iliyokula chakula chako inakwambia mama njoo wiki ijayo. Weka na joto la mwezi wa pili hapo. Watu wanakwambia punguza hasira kama vile ni sukari ya kwenye chai. Hasira hasara nimeisikia toka nasoma shule ya msingi, naijua, naiamini, lakini kuijua hakujawahi kunizuia kitu saa sita mchana nikiwa na sufuria la mchuzi mkononi.

Kabla ya hapa Kinondoni nilipita kwa mshauri mwingine, naye simtaji. Nilieleza dakika chache tu akanikata akaanza kunisema, mwanamke anatakiwa awe mpole, samehe, mwachie Mungu, watu wako wa jikoni ni watoto wa wenzio. Hakuniuliza nalala saa ngapi wala nini kinanikera wala kimeanza lini. Nimelipia kusemwa, nikatoka pale nimevimba kuliko nilivyoingia. Naliweka hili mapema maana najua wengi wamepitia hivyo hivyo, wakisikia neno ushauri nasaha wanaona ndio habari hiyo hiyo, wanaacha. Jamani sio kitu kimoja. Kuna kupewa nasaha na kuna tiba, na tiba ina utaratibu wake kama ilivyo tiba ya mguu.

Siku ya kwanza Kinondoni yule dada (nilianza kumwita dokta akanisahihisha, yeye ni mwanasaikolojia, haandiki dawa, anayeandika dawa ni daktari wa magonjwa ya akili) hakunipa ushauri wowote ule. Alinipa fomu nikajaza, akanieleza nitakayosema pale hayatoki nje isipokuwa kama kuna hatari ya mtu kuumia, mimi au mwingine, alafu akaanza kuuliza. Nalala saa ngapi. Nakunywa kahawa, pombe, vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Siku zangu zikoje. Presha. Dawa gani natumia. Nyumbani kwetu nani alikuwa mkali. Kama nyumbani kuna mtu anapigwa. Kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Yani maswali ambayo mtu unaona mbona haya hayahusiani na hasira, kumbe yanahusiana sana.

Akaniambia nikapime kwanza, wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Nikashangaa, nikamuuliza sasa tezi inaingiaje. Akanieleza vizuri kabisa kwamba kuwaka waka hovyo mara nyingi sio ugonjwa wa peke yake, ni dalili, na inaweza kuletwa na vitu vingi. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi mtu anakuwa na moyo kwenda mbio, jasho, hasira za karibu. Damu ikipungua unachoka na uvumilivu unakata. Usingizi mdogo hivyo hivyo. Na sonona pia, hii ndio ilinigusa, maana mi nilijua sonona ni mtu analia kitandani, kumbe kuna watu sonona yao inatokea kama hasira na kununa, hasa vijana na watoto, mzazi anasema mtoto kawa jeuri kumbe mtoto anaumwa. Kwahiyo mtu asije akakaa anafundishwa kupumua wakati shida iko kwenye tezi. Majibu yangu tezi ilikuwa sawa, sukari sawa, damu ikawa iko chini, nikaandikiwa vidonge vya madini ya chuma hospitali, na yule dada akaniambia wazi kwamba mtu anayelala masaa manne kila siku hawezi kutegemea kuwa na subira, tutafanya kazi yote lakini hilo nalo tulitafutie njia. Nikamkabidhi msichana wangu mmoja mwandamizi zamu ya alfajiri siku kadhaa za wiki. Kwa hilo peke yake tu nishaona tofauti kabla hata hatujaanza tiba yenyewe.

Sasa tiba. Wanaiita CBT, ni tiba ya fikra na tabia, asili yake ni Marekani, daktari anaitwa Aaron Beck ndio aliianzisha miaka ya 1960 kwa ajili ya sonona, baadae mwanasaikolojia mwingine wa huko huko, Raymond Novaco, mwaka 1975 akatoa utaratibu wa kutibu hasira kwa njia ya namna hiyo, kwahiyo sio kitu cha jana. Nilimuuliza yule dada ushahidi uko wapi kwamba inafanya kazi, maana mi hela yangu naitafuta kwa moto, akaniambia kuna uchambuzi wa mwaka 1998 uliokusanya tafiti 50 za tiba hii kwa watu wenye hasira, ikaonekana mtu wa kawaida aliyepata tiba alikuwa na hali nzuri kuliko asilimia 76 ya wale ambao hawakutibiwa. Nikaenda kuutafuta mwenyewe mtandaoni nikaukuta. Sio asilimia mia, na yeye hakuniambia ni mia, nikamheshimu kwa hilo.

Kazi kubwa ni daftari. Unapewa jedwali, kila ukikasirika unaandika tukio, fikra iliyopita kichwani, mwili ulifanyaje, kiwango cha hasira kuanzia 0 mpaka 10, na ulifanya nini. Wiki ya mwanzo niliona ni kazi za shule, nina oda za watu nianze kujaza daftari. Lakini ngoja niwaonyeshe mstari mmoja tu mtaelewa. Niliandika hivi. Tukio: kijana wa boda kafikisha chakula saa saba na nusu badala ya saa sita na nusu, mteja kalalamika. Fikra: ananidharau. Mwili: taya limekaza, masikio ya moto, mkono wa kushoto umekunja ngumi. Kiwango: 8. Nilifanya nini: nimempigia simu nikamtolea maneno, nikakata.

Yule dada akasoma akaweka kidole kwenye neno moja tu, ananidharau. Akaniuliza, hili umelijuaje? Nikamwambia si kachelewa. Akasema kuchelewa nimeona, hiyo iko kwenye tukio, nauliza dharau umeiona wapi. Nikakaa kimya pale, feni inazunguka, sina jibu. Tukaanza kuandika pande mbili za karatasi, huku ushahidi kwamba ananidharau, huku ushahidi kwamba hapana. Upande wa dharau niliandika kitu kimoja tu, kwamba hakupiga simu. Upande wa pili pancha maeneo ya Buguruni, simu ilizima chaji, ana mwaka wa pili kwangu hajawahi kuiba hata soda, na siku ile ile alirudi jioni kupeleka vyombo bila kuambiwa. Alafu akaniuliza, sasa kuchelewa peke yake, bila ile dharau, ungekupa namba ngapi? Nikasema 4. Basi, akasema, hizo 4 ni za kwako kweli, mteja kalalamika na hela inaweza kupotea, hizo ongea na kijana. Hizo nyingine 4 umeziongeza wewe njiani.

Mwelewe hapo, hakuniambia kijana hana kosa. Kachelewa kachelewa. Hakuniambia nisikasirike. Nilikuwa naogopa tiba itanifanya niwe mtu wa kucheka cheka huku watu wananikalia kichwani, na kama na wewe ndio hofu yako ondoa kabisa. Hasira ina kazi yake, inakwambia kuna kitu hakiko sawa. Wanachokufundisha ni kuiona mapema ikiwa bado 3 au 4, wakati bado una akili ya kuchagua, kabla haijafika 8 ambapo mdomo unaongea peke yake.

Na kuhusu huko kufika 8, alinieleza mwili unavyofanya. Kuna sehemu ndogo ya ubongo inaitwa amigdala, hiyo ndio king'ora, ikiona hatari inaamsha mwili mzima, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli inakaza, na ile sehemu ya mbele ya ubongo ya kupima mambo inazidiwa nguvu. Ndio maana ukiwa umewaka hata mtu akikwambia jambo la maana hulisikii, na ndio maana hakuna faida ya kumaliza ugomvi hapo hapo. Unashusha mwili kwanza. Alinifundisha kupumua taratibu kwa pua na kutoa pumzi ndefu kuliko ile uliyoingiza, na kukaza misuli kikundi kimoja kimoja alafu kuiachia, mabega, ngumi, taya. Inaonekana ni kitu kidogo, ila hutakiwi kujifunzia siku ya ugomvi, unafanya kila siku ukiwa umetulia ili mwili uizoee, mi nafanya usiku kabla ya kulala na mume wangu saivi na yeye anafanya.

Hapa nikakumbuka mafundisho tuliyopewa madrasa, mtu akikasirika amesimama akae, ikiwa bado basi alale. Nilimwambia yule dada, akafurahi sana akasema hiyo ndio hiyo hiyo, kushusha mwili kwanza. Nimelisema kwa ajili ya wale wanaodhani kwenda kwa mwanasaikolojia ni kuiacha dini. Mi sijaacha kitu.

Kingine nilichokuwa nimekielewa vibaya, na nadhani nusu ya Dar imekielewa vibaya, ni kwamba hasira inatakiwa uitoe. Piga mto, piga kelele, vunja kitu, itoke. Hapana. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State cha Marekani walitoa uchambuzi wa tafiti 154, ndani yake watu zaidi ya 10,000, wakakuta vitu vinavyotuliza mwili kama kupumua, kulegeza misuli, kutafakari kwa utulivu na yoga ndio vinapunguza hasira, ila vinavyopandisha mwili havipunguzi kwa ujumla, na kukimbia ndio kulionekana zaidi kuelekea kuiongeza. Nikamuuliza, mbona mimi na wenzangu tuko klabu ya jogging, Jumamosi alfajiri tunakwenda mpaka Coco Beach, tuache? Akasema msiache, moyo unahitaji, presha inahitaji, marafiki mnahitajiana, ila usikimbie kwa sababu umegombana ukategemea hasira itabaki barabarani, mwili unazidi kuchemka na kichwani unarudia ugomvi ule ule. Ni kweli kabisa, kuna siku nilikimbia nikiwa nimegombana na dada yangu, nafika Coco nimeshaandaa hotuba ya pili ya kumtumia wasapu.

Ushauri mmoja wa kwao ambao haukufaa vizuri kwa maisha yetu ni ule wa kuondoka. Karatasi inasema ukiona hasira inapanda toka, nenda chumba kingine, rudi baada ya nusu saa. Chumba kipi sasa? Jiko langu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, nina moto wa majiko yote na chakula cha watu. Na kuna familia zinaishi chumba kimoja watu watano, aondoke aende wapi usiku? Nilimwambia hivyo na nashukuru hakubisha, tukatafuta ya kwangu. Saivi nikiona nimefika 5 nasema kwa sauti "nakuja", nakwenda kwenye ndoo nanawa uso na mikono mpaka viwiko, nakaa kwenye kigoda cha mlangoni, natoa pumzi ndefu, narudi. Dakika tatu nne hivi. Kitu cha muhimu alichosisitiza ni kusema unarudi, maana ukiondoka kimya na kubamiza mlango mwenzio anaona umemsusa na ugomvi unahamia hapo.

Kipande kilichonifurahisha kuliko vyote ni cha kuigiza mazungumzo. Kuna ofisi moja nawadai, miezi imepita, kila nikienda nasemeshwa kwa dharau nawaka natoka bila hela, nikitoka wanasema huyu mama ana matatizo. Yule dada akasema leo mi ni mhasibu, we ingia mlangoni. Akakaa akashika simu yake hata hakuniangalia, akasema mama njoo wiki ijayo bosi hayupo. Wallahi nilisikia masikio yanapata moto, namjua ni yeye, na bado niliwaka! Akasimamisha, namba ngapi? 6. Pumua, toka nje, ingia tena. Tukarudia na kurudia. Maneno tukayapunguza mpaka yakabaki machache: chakula cha mwezi wa nne na wa tano mmekipokea na sahihi zenu zipo, mi nadaiwa dukani mchele na mafuta, naomba tarehe ya malipo kwa maandishi leo. Alafu unanyamaza. Hiyo ya kunyamaza ndio ngumu, mi nimezoea kujaza ukimya na lawama. Hakuna matusi, hakuna nyie watu hamna utu, wala samahani naomba mnisaidie. Nilipokwenda kweli, pale Posta, nilisema hivyo hivyo kama nilivyofundishwa, nikanyamaza, mkono unatetemeka chini ya meza. Nikapewa tarehe kwenye karatasi, nusu ya deni ikaingia tarehe ile, nusu bado nafuatilia. Hasira yangu juu ya ile ofisi ilikuwa ya haki na bado ni ya haki, ila sasa inafanya kazi, zamani ilikuwa inawapa wao sababu ya kunitoa nje.

Nyumbani pia kumebadilika ila hapo sitaki kuongea sana. Mwanangu wa kike zamani akivunja glasi alikuwa anaanza kulia kabla sijasema kitu. Saivi anakuja kuniambia.

Haya, malalamiko sasa, na haya nimewaambia wenyewe kwanza kabla ya kuandika. La kwanza kubwa, mapokezi. Yule binti wa kaunta aliita jina langu kwa sauti akaongezea "wa hasira eeh?" mbele ya watu waliokaa pale kusubiri. Hii haikubaliki. Mtu amejikokota miezi kufika pale, unamtangaza? Nilimfuata baada ya sesheni nikamwambia taratibu kabisa, akaomba radhi, ila ofisi nzima inatakiwa ifundishwe, sio mpaka mteja aseme. La pili, ukuta wa chumba ni mbao, nilisikia mtu wa chumba cha pili analia, maana yake na mimi nasikika. Wakaweka redio nje ukumbini, imesaidia kiasi, bado haitoshi. La tatu, karatasi za mazoezi zote zilikuwa za Kiingereza. Mi nasoma kidogo lakini wasichana wangu wasingeweza, na hasira mtu anaiandika kwa lugha anayoitumia kugombana. Yule dada akanichorea jedwali la Kiswahili kwa mkono, nikamwambia alichape ampe kila mtu.

La nne ni utaratibu wao wa kuahirisha. Ukiahirisha chini ya masaa 24 unalipa, sawa, naelewa, na mimi mtu akifuta oda asubuhi naumia. Lakini wao walinifutia asubuhi kwa meseji nikiwa nimeshafika Magomeni, na hakukuwa na punguzo wala nini. Kama ni sheria iwe ya pande mbili. Bei ni elfu 50 kwa sesheni ya dakika hamsini, sio hela ndogo, mi nilikuwa nakwenda kila wiki mwanzoni baadae nikapunguza, saivi ni mara moja kwa mwezi kukumbushana. Kuna ya kwa video ya bei ndogo kidogo, nilijaribu, bando likakata katikati na watoto wakawa mlangoni, kwa mtu mwenye nyumba yenye utulivu inaweza kufaa ila ya kwanza nendeni ana kwa ana.

Kwa wasio na hiyo hela, Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala ulizeni kitengo cha afya ya akili, msiogope hilo jina, sio lazima uwe umeokota makopo ndio uende. Wenye bima ulizeni kwanza kama inalipia kabla hamjakaa kwenye kiti. Na yule ambaye hasira yake inakuja na vitu vingine, kama kukaa siku kadhaa bila usingizi na bila kuchoka, kusikia sauti, au kufikiria kujiua, aanzie hospitali moja kwa moja, huko kuna daktari wa dawa.

Alafu kuna jambo nataka nilisisitize kwa dada zangu. Hii huduma ni kwa mtu mwenye hasira anayetaka mwenyewe kubadilika. Kama ni wewe unayepigwa nyumbani usidanganywe twende wote kwa mshauri mkazungumze tabia zenu, yule dada mwenyewe alisema kwenye kipigo hawaanzi na kuwakalisha wawili pamoja, kwa sababu utakayosema pale unaweza kulipia ukirudi nyumbani. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda huko, na kwa mtoto anayeumizwa kuna namba 116, ni bure. Mume anayepiga akienda tiba peke yake ni sawa na ni vizuri, lakini usalama wako usisubiri amalize masomo.

Ukitaka kwenda popote pale, piga simu kwanza uulize, amesomea saikolojia wapi na mpaka ngazi gani, anatibu hasira kwa njia gani, ataanza na nini. Anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika. Uliza pia kama kuna kazi za kufanya nyumbani, maana kama hakuna daftari wala zoezi lolote na kila wiki mnakwenda kupiga stori tu, unatoka umepoa alafu Jumatano uko pale pale.

Jioni ndio muda mzuri kwa sisi wa biashara ila hizo nafasi zinajaa haraka, weka ahadi wiki mbili kabla. Jumamosi asubuhi pia wapo.

Na naomba na mimi msaada, kama kuna mtu anamjua mwanasaikolojia mzuri upande wa Mbagala au Chanika, wa bei ya chini kidogo na anayetumia karatasi za Kiswahili, tuwekeeni hapa alivyo na bei yake. Msichana wangu wa jikoni ameona ninavyojaza daftari, kaniambia mama na mimi nataka, na Kinondoni kwa nauli na elfu 50 hawezi.